Kifaru Hana Chumba Phase Four

Ndugu yangu uliyeoa fundi, pole. Na wewe dada uliyeolewa na fundi, pole zaidi. Wengine wasome wapitishe muda, lakini wewe unayelala juu ya unga wa mfupa, wewe unayepigiwa simu kazini ukiulizwa kama umeona kichwa cha twiga, sogea karibu. Tunajuana.

Tunakaa Dandora, Phase Four. Mtaa huu uligawanywa viwanja miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mtu alipewa kiwanja, choo na bomba la maji, vyumba akaambiwa ajijengee kadiri atakavyojaliwa. Ndiyo maana ploti zetu zimekaa hivi, vyumba vimezunguka ua mmoja, na choo kiko palepale kilipowekwa. Sisi tuna vyumba viwili. Waliopanga mtaa walifikiria watu na maji. Kifaru hawakumfikiria, na sasa kifaru yuko juu ya kabati la vyombo, na mwenzake yuko ndani ya sufuria ya wali.

Mke wangu, Mama Mwende, hapa nyumbani ni Kamishna, maana akitoa amri hapandishi sauti wala harudii. Anatengeneza hereni, bangili na vidani kwa mifupa na pembe za ng'ombe. Kaka yake, shemeji yangu Tezo, anachonga wanyama kwa mti. Tezo ana chumba chake Kariobangi, lakini chai ya kwetu anaipenda, mwanga wa dirisha letu anaupenda, na meza yangu ndiyo anaipenda kuliko vyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Meza ile niliinunua nisahihishie madaftari. Siku hizi nasahihishia kitandani, na wanafunzi wangu wamezoea kurudishiwa daftari likiwa na alama pamoja na vumbi jeupe.

Watoto ni watatu. Mwende, kifungua mimba, tunamwita Sonara. Ana mkono mwepesi wa kutunga shanga na hapendi kuharakishwa. Wa pili ni mvulana, Rubani, maana muda wake mwingi yuko juu ya paa la ploti. Kitinda mimba ni Kameno. Huyo hakubali kitu chochote duniani mpaka akipime kwa meno, na nitakueleza alivyotutoa jasho.

Lakini kwanza pesa, kwa sababu hapo ndipo niliposhindwa mapema kabisa. Desemba 2018 Benki Kuu ilitoa sarafu mpya. Katiba ya 2010 ilikuwa imekataza sura ya mtu kwenye pesa, basi wakaweka wanyama: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. Kwingine hizo ni nauli. Kwangu ni vielelezo vya kuchongea. Tezo ameziegemeza dirishani kwa safu, na kila jioni mifuko yangu inakaguliwa mlangoni.

"Baba Mwende, una ndovu?"

"Ninaye mmoja. Wa nauli ya kesho."

"Mlete. Yule wa kwanza amefutika masikio."

Nami namtoa. Makanga wa laini yetu ameshanizoea. Akinirudishia chenji anauliza kama leo nyumbani wanataka simba au kifaru, na abiria wageni hunitazama kwa huruma.

Tatizo ni kwamba sarafu ni bapa. Mnyama wa kwenye sarafu hana upande wa pili. Tezo alichonga kifaru mzuri sana wa mbele, mdomo umekaa, pembe mbili zimekaa, masikio yako macho. Kisha akafika nyuma, akasimama. Mkia wa kifaru unaanzia wapi? Mapaja yanakutanaje na tumbo? Alikaa na lile gogo magotini jioni nzima, chai ikapoa, mpaka Kamishna akamwambia aende Kiamaiko akaangalie wanyama wenye miguu minne. Kiamaiko hapa jirani ndiko kwenye machinjio ya mbuzi. Akaenda. Ndiyo maana kwa muda mrefu vifaru wa nyumba yetu walikuwa na makalio ya mbuzi, na simba vilevile. Mimi niliona mara moja. Wateja hawakuwahi kulalamika.

Nikasema hapana, watoto wangu hawatakua hivi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko hapahapa, kilomita za mraba 117, ilifunguliwa mwaka 1946, ya kwanza katika nchi hii, na mtoto wa Dandora anamjua simba kwa shilingi kumi. Tukajibana, tukaenda Lang'ata kwenye makao ya wanyama yatima, familia nzima pamoja na Tezo na kijitabu chake cha kuchorea. Simba alikuwepo. Alikuwa amelala kifudifudi, uso kwetu, makalio kwenye kichaka. Tezo alizunguka uzio kulia, akazunguka kushoto, akapiga magoti, akamsihi kwa Kikamba. Simba hakugeuka. Kameno alimwangalia kwa makini, kisha akaniuliza mbona huyu hajaandikwa kumi. Tulirudi na mchoro bora kabisa wa uso wa simba, na makalio yakabaki ya mbuzi.

Sasa ngoja nikupeleke jikoni.

Mfupa wa ng'ombe ukitoka soko la nyama la Burma una mafuta mpaka ndani ya vitundu vyake. Mafuta yasipotoka, hereni itageuka njano na kunuka sikioni kwa mteja. Kwa hiyo mifupa inakatwa kwa msumeno wa chuma, uboho unatolewa, kisha inachemshwa kwa maji na sabuni ya unga, polepole, saa nyingi. Baadaye inalowekwa kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa ipate weupe. Klorini Kamishna haitaki kabisa, inaula mfupa, unakuwa chokaa. Akishapata weupe huo anachora mistari na madoa kwa nta ya moto, anautumbukiza mfupa ndani ya rangi nyeusi, halafu anaiondoa nta, na pale palipokuwa na nta panabaki peupe: milia ya punda, madoa ya chui. Nimeiona kazi hiyo mara nyingi na bado huacha kalamu nikaitazama.

Basi Jumamosi moja sufuria kubwa iko uani juu ya jiko la makaa, inachemka. Kamishna ameenda kutafuta pembe. Mimi niko ndani na madaftari. Akaingia shangazi yangu kutoka Kakamega, ambaye sisi wote tunamwita Sirkal, kwa sababu hapigi simu kabla ya kuja, na akifika anakagua.

Senge Sirkal, maana kwetu shangazi ni senge, aliifunua sufuria akaona mifupa ya ng'ombe inacheza. Alifurahi, maskini. Amesafiri usiku kucha, na mwana wa kaka yake anamchemshia supu bila hata kujua anakuja! Akatafuta kitunguu akakata. Akatia chumvi, dania, bizari ya manjano, na pilipili mbili zisizokatwa. Povu lilipopanda alidhani ni mafuta ya ng'ombe aliyenona, akaliengua kwa mwiko huku akimsifu mchinjaji. Na kwa kuwa ana roho ya ukarimu, na ua ni wa ploti nzima, akawaita majirani. Hapa kwetu supu ya mifupa jioni ni kitu cha heshima. Watu walikuja na vikombe. Nilipotoka kuona kelele ni ya nini, mstari ulikuwa umefika bombani, na mama mboga wa pembeni alikuwa ameleta chapati zake.

"Senge," nikasema, "hiyo ni sabuni."

"Sabuni imeingiaje?" akauliza, ukali ukiwa umeelekezwa kwangu.

Hapo ndipo Kamishna alipoingia na gunia la pembe begani. Alitazama sufuria, akatazama vikombe, akatazama dania inayoelea. Akashusha gunia. Akamwamkia Senge kwa adabu zote, akampokea mkoba, akampa kiti, kisha akawaambia majirani warudi baada ya saa moja, atawapikia supu ya kweli. Akapika. Bajeti ya wiki ikaishia hapo, na hakuna jirani aliyekunywa ile ya kwanza, Mungu ni mwema.

Mifupa ilitoka na rangi ya asali, bizari ikiwa imeingia kila pembe. Sonara akatunga vidani, vikapendeza ajabu. Lakini rangi ya bizari haistahimili jua. Baada ya siku chache za kuanikwa dirishani ilianza kufifia, ikarudi weupe wa madoadoa. Kamishna sasa anatumia majani ya chai yaliyokolea akitaka hudhurungi. Senge Sirkal, kwa upande wake, amewaeleza Kakamega nzima kwamba yeye ndiye aliyegundua rangi, na kila akipiga simu anauliza fungu lake liko wapi.

Pembe nazo zina kesi yao. Pembe ndefu nzuri ni za ng'ombe wa Ankole, zinatoka Uganda. Ndani ya pembe kuna kiini cha mfupa, na ili kitoke unaloweka pembe majini mpaka kilegee. Pipa letu liko mlangoni, na sitaeleza harufu yake maana huenda unasoma ukiwa mezani. Pembe ikishatoka kiini inapashwa moto, inalainika, inabanwa katikati ya vyuma iwe bapa. Ni kitu kimoja na kucha na nywele, kwa hiyo nyumba inanuka kinyozi aliyeshika moto. Mbwa wa Phase Four wote wanatujua. Usiku wanalala mlangoni kwetu kwa safu, na mmoja wao aliwahi kuondoka na mkufu mzima shingoni, sijui aliuvaaje.

Keateka wa ploti, Baba Kelele, alikuja siku moja akafunga mlango nyuma yake. Akaninong'oneza, "Mwalimu, hizi bangili nyeupe, si pembe za ndovu hizi?" Nilimwelewa. Nchi hii si ya mchezo na jambo hilo. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu pale mbugani Nairobi, na Aprili 2016 zikachomwa tani 105. Kamishna hakukasirika. Alimpa kioo cha kukuzia, akamwonyesha vidoti vidogo vyeusi kwenye mfupa, ile mirija damu ilimopita. Pembe ya ndovu haina vidoti hivyo. Ikikatwa upande inaonyesha mistari inayokatana. Alimfundisha vizuri kuliko ninavyofundisha mimi. Baba Kelele alielewa, akashukuru, akatoka na hereni za mkewe. Deni hilo bado liko daftarini.

Sasa Kameno. Tezo alirudi kutoka Ukambani na mfuko wa mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye jicho jeusi, nzuri kuliko shanga yoyote ya dukani. Sonara alikuwa ameshatoboa nyingi na kuzitunga kabla Kamishna hajazitambua. Mbegu hizo ni sumu. Ikimezwa nzima inaweza kupita bila neno, kwa sababu ya ganda gumu, lakini ikitafunwa au ikitobolewa sumu inapata njia, na moja inaweza kumuua mtoto. Kamishna akahesabu. Moja ilikuwa imepungua. Sote tukageuka kumwangalia Kameno, na Kameno alikuwa anatafuna.

Sijui nilifikaje pale. Nilimfungua kinywa nikakuta ubani. Lakini kabla ya ubani je? Akasema hakumbuki. Kamishna tayari alikuwa amejifunga leso na mtoto mgongoni, tunaenda hospitali, huku Rubani na Tezo wakiipindua nyumba: godoro nje, kabati nje, vifaru nje, madaftari yangu nje. Tulikuwa tumeshafika barabarani Rubani alipopiga mbinja kutoka juu ya paa. Mbegu ilikuwa ndani ya soksi ya Tezo. Kamishna alikaa chini palepale ukingoni mwa barabara, akamshika Kameno, akalia. Mimi pia. Mbegu zote zilichomwa jioni hiyo. Siku hizi Sonara anatunga mbegu za lusina, zinazochemshwa kidogo mpaka sindano ipite, rangi ya kahawa, na nakuomba wewe unayenunua vidani vya mbegu nyekundu barabarani uviweke mbali na watoto.

Baba mkwe anapokuja, tunapumua. Mzee Wamunyu, tunamwita kwa jina la kwao, na haanzi hadithi bila Mutisya wa Munge. Zamani, husema, Wakamba walichonga viti vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya za shaba, na vyombo vya kazi. Mutisya huyo, mtu wa Wamunyu, akapelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakutana huko na wachongaji wa sanamu, akarudi na ujuzi. Mwanzoni alichonga mafichoni, anasema Mzee, na kutoka kwake kazi ikaenea kijiji kizima, ikateremka Gikomba, ikafika Changamwe. Mzee anaisimulia huku ameshika kifaru cha Tezo. Akifika mwisho anakigeuza, anaangalia nyuma, anasema, "Huyu ni mbuzi." Tezo anaenda kuchota maji.

Mzee alichonga muhugu maisha yake yote. Mti huo una harufu nzuri, haupasuki ovyo, na unachukua miongo kukua. Wachongaji waliukata mno, ndio ukweli, na Mzee mwenyewe anausema bila kuzungushazungusha. Kuanzia miaka ya 1990 watu wa WWF, UNESCO na bustani za mimea za Kew walizunguka wakiwahimiza wachongaji wahamie mwarobaini, jakaranda, mwembe, miti inayokua upesi mashambani na majumbani. Mzee aliwasikiliza. Amepanda miarobaini kwake, na muhugu haujaingia nyumbani kwangu hata kipande. Hilo najivunia.

Ila jakaranda mbichi ina maji. Ikikauka haraka inapasuka, kwa hiyo inatakiwa ikauke polepole, gizani, imefukiwa kwenye unga wa mbao. Mahali penye giza na nafasi ndani ya vyumba viwili ni pamoja tu. Wewe unapajua. Tunalala juu ya magogo, kitanda kimeinuliwa kwa matofali, na usiku wa joto gogo hupasuka kwa mlio mmoja mkali kama wa risasi, ploti nzima ikazima taa na kulala chini. Baba Kelele sasa akiusikia anapaza sauti kutoka kwake, "Ni mwalimu! Ni mti! Laleni!"

Nimemwacha Rubani mwisho, na si kwa bahati. Paa la ploti yetu linaangalia upande wa jaa. Kila mtu anaijua Dandora kwa jaa hilo, na sitalisema zaidi ya moshi tunaoumeza. Lakini juu ya jaa kuna korongo, wale wakubwa wenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni, wanaosimama na mabega yamepanda. Rubani amewatazama tangu akiwa mdogo. Anajua wanavyokunja miguu, wanavyogombana, wanavyopaa kwa shida halafu wakawa wazuri ghafla huko juu. Siku moja alirudi na manyoya yao, marefu meusi, akataka mama yake ayatie kwenye hereni. Kamishna akamkalisha. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hata unyoya wa ndege wa porini ni nyara, huwezi kuuweka wala kuuuza bila kibali. Rubani alibisha: ndege mwenyewe ameuangusha, tena kwenye takataka! Alibisha chakula chote cha jioni. Kesho yake aliyarudisha, machozi yanamtoka, nikamsindikiza.

Halafu akanyamaza juma zima, na tupa yangu ikapotea. Alipotokea alikuwa amechonga korongo. Mabawa ni ya pembe nyeusi, shingo na miguu ya mfupa, na ule mfuko wa shingoni ni kipande cha shaba ya bomba kuukuu, alichokinunua kwa muuza vyuma. Mzee Wamunyu alikuwepo. Alikishika, akakigeuza nyuma. Akakiangalia muda mrefu. Hakusema mbuzi. Tezo alikitazama pia, akaenda kusimama nje kidogo.

Tulikipeleka Maasai Market ya Jumamosi, pale maegesho ya Mahakama Kuu, kikakaa katikati ya twiga na ndovu wa kila mtu. Wengi walikipita. Mmoja aliuliza kama kuna flamingo. Kisha akaja mama mmoja wa Kampala, akapiga ukelele: "Kaloli!" Huko kwao korongo hawa wanakaa juu ya miti na majumba katikati ya jiji, akasema, na hajawahi kuona mtu akiwapa heshima ya kuwachonga. Hakupunguza bei. Akaagiza wengine kwa ajili ya dada zake.

Kwa hiyo sasa meza imegawanywa upya. Kamishna ana upande wa dirisha, Tezo ana kati, Rubani amepewa ncha niliyokuwa nimeanza kuirudisha taratibu kwa madaftari. Sonara anatunga chini ya meza. Kameno ana kazi ya kuhesabu mbegu za lusina, na yeye pia anahesabiwa.

Jana jioni simu ikalia. Ni Tezo. Jakaranda moja imeangushwa na upepo, ameuziwa gogo kwa bei ya bure, liko juu ya mkokoteni pale Kariobangi, na wenye mkokoteni wameshindwa na kilima.

Kamishna hakuinua kichwa. "Nenda na Rubani," akasema. "Mtakaporudi kitanda kitakuwa kimeshasogezwa."

Nikavaa viatu. "Tezo," nikauliza, "gogo lenyewe lina upana gani?"

"Litapita mlangoni, mwalimu," akasema. "Tukiutoa mlango."